Rada Katika Parsele ya Mama

Nyumbani kwetu Kindu tuliishi na mashini ya kushona ambayo haikuwepo. Ilitajwa kila siku kuliko sisi watoto. Suruali ikipasuka, mashini. Jirani akishonewa kikwembe kipya cha Krismasi, mashini. Mvua ikichelewa, sijui mashini ilihusika vipi, lakini Mama alipata njia ya kuiingiza.

Habari yenyewe ni hii, na niieleze mimi kabla wengine hawajaniharibia. Wakati wa uasi, nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, watu wa Kindu walizika mali zao na kukimbilia porini. Kila muntu alizika alichokuwa nacho: sahani, baiskeli, masanduku ya nguo. Kuna mmoja alizika mlango, ati mbao zake zilikuwa nzuri. Baba alizika mashini ya Mama, ile ya kuzungusha kwa mkono, aliyopewa na babake siku anaolewa. Aliipaka mafuta ya mawese isipate kutu, akaifunga ndani ya turubai, akaichimbia shimo peke yake, kwa sababu Mama alikuwa ameshatangulia na sisi watoto. Tuliporudi baada ya miezi mingi, nyumba ilikuwa imeungua, mpapai aliouweka kuwa alama umekatwa, na majani yamefika shingoni. Majirani wakachimba, wakatoa vitu vyao, matope tu ya kupangusa. Baba akachimba juma zima mbele ya macho ya watu. Hakupata hata uzi.

Mama akamtazama. "Haiko. Hukuizika. Uliiuzisha."

"Nilizika."

"Basi iko wapi?"

Hapo njo maneno ya Baba yalipoishia, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama alimkataza kuchimba tena. Parsele yake, yaani hicho kiwanja chetu, ilikuwa ya kupanda muhogo, haikuwa ya kuchimbia uongo. Kisha akaanza kuwaeleza watu. Aliwaeleza wageni kabla hawajapata kiti. Mwaka huu alisema Baba aliiuzisha kwa wachimba dhahabu wa kule mji wa Kama, mwaka unaofuata alisema aliigawia mwanamke wa huko huko Kama, na nilipomwambia, "Mama, chagua moja," alinijibu kwamba nami ni wa upande wa wezi.

Baba alikuwa mtu wa reli, msimamizi wa kazi ya njia. Kule kazini akisema chuma hiki kimepinda, hakuna aliyekwenda kupima tena. Nyumbani aliitwa mwongo mbele ya kuku. Iliniuma, sifichi. Nilimwamini, lakini sikuwa na kitu mkononi cha kumwonyesha Mama, na Mama ni muntu wa kuonyeshwa.

Sasa niingie kwenye rada.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa mwalimu wa jiografia, nafundisha mito ya dunia darasani bila ramani. Akaja Muzungu mmoja, mutaalamu wa mambo ya kale. Ng'ambo ya Lualaba, wafyatua matofali walikuwa wameokota vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki wahunzi wakishayeyusha. Mutaalamu alisema pale palikuwa na kijiji, tena cha zamani sana, kabla ya chochote kuandikwa na yeyote. Alitaka kukiona kijiji bila kuchimba kilima kizima. Kwa hiyo alileta rada ya kupenya ardhi.

Ilishuka kwenye treni ya mizigo, katikati ya magunia ya unga, imefungwa vizuri kuliko abiria wote. Ilikuwa sanduku la rangi ya chungwa la kukokotwa chini, waya mrefu, kisanduku kingine cha kutoa karatasi, na betri ya gari. Sanduku linatuma mawimbi ardhini, mawimbi yakigonga kitu yanarudi, na kalamu ya kile kisanduku kingine inachora mistari kwenye karatasi. Njo hivyo tu. Lakini mkokotaji lazima atembee mwendo mmoja, hatua sawa na hatua, la sivyo karatasi inadanganya. Mutaalamu alijaribu watu wa reli, wakaenda nalo mbio. Alijaribu askari, akapiga kwata mpaka waya ukachomoka. Kisha nikajaribu mimi. Tangu utoto natembea kama muntu anayepeleka mayai sokoni, na wanafunzi wangu walikuwa wakiniiga nyuma yangu, wajinga wale. Mutaalamu aliponiona machozi yalimlengalenga. Nikapata kazi siku hiyo hiyo, kukokota na kutafsiri.

Mukubwa wa serikali na Chama pale mjini tulimwita Komisere. Alikuwa muntu mnene, abakosi yake, lile koti la Chama, imefungwa vifungo hadi kooni hata saa sita mchana. Alifurahi kupita kiasi. Miaka hiyo Chama kilikuwa kinatuhimiza kurudi kwenye asili yetu. Tulikuwa tumeshaacha majina ya kizungu, tumeacha tai, tunaitana sitwayen, yaani raia. Na sasa wazee wenyewe wako chini ya ardhi, wanangoja kuonekana!

"Walikuwa wa kwetu kweli?" aliniuliza.

Nikamuuliza mutaalamu. Mutaalamu akasema ni mapema kusema.

"Anasema ni wa kwetu kabisa, Sitwayen Komisere."

Basi Komisere akaamuru salongo, ile kazi yetu ya lazima ya Jumamosi. Mji mzima ukavushwa mto na majembe na mapanga. Nyasi zikafyekwa vizuri, hapo sina lawama. Ila baada ya kufyeka hakuna aliyeenda nyumbani. Walipangwa mistari miwili, na mimi nikapita katikati nakokota rada, wao wanaimba nyimbo za Chama na kucheza, majembe juu, majembe chini. Karatasi ikatoka nyeusi ti!

"Chuma kila mahali!" akapaza sauti Komisere. "Huu ulikuwa mji wa wahunzi!"

Mutaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akawatazama wachezaji. Rada yake haikuona chini peke yake. Iliona na vya pembeni. Akaniambia kwa Kifaransa, polepole, kwamba anachokiona kwenye karatasi ni majembe ya wale wapumbavu, na kwamba wote waondoke. Sasa wewe mwambie Komisere kwamba wimbo wa Chama unaharibu kazi. Mimi nilikuwa na mke na kazi ya serikali.

"Sitwayen Komisere," nikasema, "mutaalamu anasema nguvu ya wachezaji wetu ni kubwa mno. Inaishinda mashini yake. Anaomba wacheze kule mtoni."

Komisere akatikisa kichwa kwa fahari. "Mashini za Ulaya," akasema, "haziwezi kitu." Akawapeleka mtoni, wakacheza huko hadi jioni.

Siku zilizofuata tulifanya kazi kwa utulivu, na nakiri nilianza kuipenda ile karatasi. Penye udongo uliolala tangu zamani, mistari ilinyooka. Penye kitu, ilipinda. Siku moja mistari ikabonyea kwa pamoja, umbo la bakuli, na mutaalamu akanishika mkono akanibana. Tukachimba pale kwa mwiko na brashi. Chini ya futi chache tukakuta mkaa, makaka ya ngazi, zile kokwa za mchikichi, vigae vya chungu vyenye michoro ya misumari pembeni, na mavi ya chuma. Mutaalamu akapiga magoti. Watu waliokuwa wamevuka kuja kuona hazina wakachungulia.

"Njo nini hii?" akauliza mmoja.

Nikatafsiri. "Ni shimo la takataka zao."

"Ayi! Muntu anatoka Ulaya, anapanda ndege, anapanda treni, kuja kutafuta jalala? Angefika kwangu!"

Komisere mwenyewe alinyong'onyea kidogo, alikuwa anangoja kiti cha kifalme. Lakini hakuwa kiongozi bure. Akapanda juu ya tofali, akatangaza kwamba lile lilikuwa jalala halisi la wazee wetu, halikuwa jalala la kuigaiga, na watu wapige makofi. Tukapiga.

Tangu siku hiyo mji ukajua kwamba kuna mashini inayoona chini, na mimi sikupata raha tena. Kindu nzima ilikumbuka vilivyopotea wakati wa uasi. Nikitoka chooni, muntu ananingoja: "Mwalimu, baiskeli ya kaka yangu, ni hatua mbili tu kutoka kisimani." Yule wa mlango alinifuata kanisani. Mutaalamu alikataa wote, kwa upole. Mashini ni ya mambo ya kale, si ya sahani. Komisere naye akapiga marufuku, mbele ya umati, muntu yeyote kutaka rada imfanyie mambo ya binafsi.

Juma hilo hilo Komisere akaniita pembeni. Ati mashini inabidi ijaribiwe na upande huu wa mto, kwa faida ya taifa. Ijaribiwe wapi? Kwenye parsele yake. Karibu na ukuta wa nyuma. Yeye alikuwa amezika gramafoni.

"Sitwayen Komisere," nikasema, "jaribio la pahali pamoja halitoshi. Tukishamaliza kwako, tujaribu na kwetu."

Akasema taifa ni kubwa, linatosha pahali pawili.

Kwake rada ilipata kitu mara moja. Mistari ilikuwa mikali, mviringo mzuri, na ndani mna uwazi! Mutaalamu alikunja uso, akasema kuna chumba chini, achimbe kwa uangalifu. Komisere hakungoja tafsiri. Wanaume wanne wakachimba kwa nguvu, yeye amesimama juu ya ukingo anawaelekeza. Kilikuwa choo cha zamani cha Wabeleji, kilichofunikwa kwa mabamba na kusahauliwa. Ukingo ukaporomoka. Hakuzama sana, mpaka magotini tu, ila ilichukua muda kumtoa kwa sababu kila muntu alikuwa anamwachia mwenziwe heshima ya kumshika. Hatukucheka. Tulicheka moyoni, kwa nidhamu ya Chama. Mutaalamu aliomba vigae vya mule ndani avipige picha, hiyo sikuitafsiri.

Jioni nikawaambia wazazi wangu, tukiwa tunakula bugali na sombe. "Kesho rada inakuja hapa kwetu."

"Ije," akasema Mama. "Ije ione uongo."

Baba aliweka tonge chini. "Inaona kweli?"

"Inaona, Baba. Ulizika kina gani?"

Akagusa kifua chake. "Hapa."

"Basi itaiona."

Akafikiri. "Inaona nini kingine?"

"Kila kitu," nikasema, na kichwa kilinivimba. Nilijiona mimi njo nitakayemsafisha baba yangu. Usingizi ulinijia mtamu, najichukia nikikumbuka.

Kesho yake majirani walijaa kwenye uzio. Mama alivaa kikwembe chake cha kanisani, akasimama mikono kiunoni. Baba alikaa kwenye kigoda na fulana yake yenye matundu. Komisere alikuja pia, na viatu vipya, akasimama mbali na kila ukingo. Nilikokota rada kutoka uzio hadi uzio, mstari kwa mstari, kati ya mashina ya muhogo, nikiiacha nyumba na jiko tu. Sijawahi kutembea vizuri vile. Kila nilipopita mbele ya Baba alikuwa anaitazama karatasi. Hakunitazama mimi.

Tulipomaliza, mutaalamu alikunjua karatasi yote juu ya mkeka. Akaipitia mara mbili. Nikamuuliza, kuna chuma? Akasema hapana. Nikamuuliza tena, sauti yangu imekuwa ndogo. Hapana. Mashini ya kushona ingeonekana, ni chuma kizito, na hapa hakuna.

Sikutafsiri. Lakini uso wangu ulikuwa umeshatafsiri.

"Haiko!" Mama akapiga makofi. "Mumesikia? Hata mashini ya Muzungu imesema! Miaka yote nasema, munaniona kichaa! Alizika, alizika, alizika wapi?"

Majirani wakaguna. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze na rada yake. Mimi mwenyewe nilimletea shahidi wa kumtia hatiani, tena shahidi asiyebishiwa. Nikaanza kukunja waya ili nipate pa kutazama.

Mutaalamu hakuwa amekunja karatasi. Alikuwa ameipigia magoti, pua inaigusa, anatia alama kwa kalamu nyekundu. Akaniita. Hapa, akasema, na hapa, na hapa. Mabakuli. Kila mahali mistari imebonyea, kama kule ng'ambo, ila hapa ni mengi kuliko kule. Mashimo, parsele nzima! Hiki kinaweza kuwa kijiji kikubwa kuliko kile!

Komisere alilisikia neno kijiji. Akasogea, akasahau viatu. "Wazee wako hapa pia? Basi parsele hii ni mali ya taifa! Watu hawa wahamishwe!"

Mama aliacha kushangilia ghafla. "Wahamishwe nani?"

Ikabidi kuchimba moja kuhakikisha. Mutaalamu alichagua bakuli lililo wazi zaidi, akateremka taratibu na mwiko wake, Komisere akiwa ameshaanza kupima kwa macho pa kuweka bendera. Shimo lilifika kifuani. Hakukuwa na chungu wala mkaa. Chini kabisa mutaalamu akaokota kitu, akakipangusa, akakitia kwenye kiganja. Kilikuwa kizibo cha chupa ya bia, bia ile ile tuliyokunywa kwenye ubarikio wa ndoa yangu.

Akakaa kwenye udongo, amevunjika moyo. Akaniambia, nami nikatafsiri neno kwa neno maana sikuwa na nguvu ya kutengeneza, kwamba haya si ya kale. Muntu amechimba hapa siku za karibuni. Alichimba, akafukia, akashindilia, akaenda hatua moja mbele, akachimba tena. Si pupa, huyu ana utaratibu. Safu kwa safu, yote kina kimoja, cha kifua. Ni kazi ya miaka. Rada haidanganyi kwa hili, udongo ukishachimbwa haurudi kama ulivyolala.

"Mangapi?" akauliza Mama.

"Nini?"

"Muulize ni mangapi."

Mutaalamu akahesabu alama zake nyekundu. Hamsini na saba.

Mama aligeuka polepole. Mimi niliyaona mashimo ya lile juma la kwanza kwa kusimuliwa tu, lakini yeye aliyaona kwa macho. Yalikuwa sita.

"Baba watoto," akasema. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akimwita hivyo. "Ulichimba siku gani?"

Baba aliongea na magoti yake. "Ulipokuwa unaenda kule kijiji cha Tunda kununua mchele. Nilikuwa nakaa siku tatu, nne, peke yangu."

"Na muhogo wangu?"

"Nilikuwa naung'oa taratibu, narudisha juu."

"Njo maana ulikuwa unazaa vile!" akafoka Mama, na kwa dakika moja nilidhani atampiga, kwa sababu muhogo huo ulikuwa sifa yake mtaa mzima. Kisha akaishusha mikono. Akaitazama parsele, safu hadi safu. Muntu aliyeuzisha mashini hachimbi hamsini na saba. Hachimbi kwa kujificha, na mgongo ule wa reli, akiwa ametukanwa asubuhi. Niliona hesabu hiyo ikipita usoni kwake, na haikumchukua muda.

Akawageukia watu wa uzioni.

"Munanijua," akasema. "Munajua nilivyokuwa nasema. Mumesikia kwenye ndoa zenu na matanga yenu. Sasa musikie na hii, na mukaipeleke mbali kama mulivyopeleka ile. Huyu bwana aliizika mashini yangu. Mimi njo nilikuwa mwongo."

Komisere alisafisha koo, akatazama viatu, akasema kwa kuwa si ya kale taifa halina haja, akaondoka.

Baba aliinuka, akaingia ndani. Tukadhani amekwenda kulia. Alitoka amevaa shati, amelifunga vifungo vyote, akaja akasimama kando ya Mama, wakatazama parsele pamoja.

"Nilikuwa nimebakiza upande wa jiko," akasema. "Tulilijenga kabla sijafika pale."

Mama alipangusa macho kwa pindo la kikwembe, akalitazama jiko lake, mafiga yake, vyungu vyake, bati alilolitafuta miaka.

"Jiko," akasema, "tutalihamisha kesho."